Utani wa Jaladani: Utoto na Jamaa katika Picha za Norman Rockwell

Jalada la gazeti ni mlango wa nyumba. Mpita njia haoni ua wala jiko. Auonao ni mlango, na kwa mlango huo hukata shauri kubisha hodi au kushika njia yake. Wenye magazeti wamelijua jambo hili tangu zamani, na kwa sababu hiyo wamewatafuta wachoraji hodari na kuwaagiza wawachekeshe wapita njia. Katika makala haya tumekusudia kuzitazama picha za aina hiyo, nazo ni zile zilizochorwa na Norman Rockwell wa Marekani kwa ajili ya majalada ya gazeti la The Saturday Evening Post, ambazo habari zake kubwa zilikuwa utoto na maisha ya jamaa nyumbani.

Yamkini msomaji atauliza: picha za Wamarekani zina kazi gani katika kitabu cha utamaduni wa taifa letu? Mwalimu Julius Nyerere alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tuzithamini ngoma na mila zetu, lakini hakutufundisha kuyafumbia macho ya wenzetu. Aidha, mwanafunzi wetu amezungukwa na picha: katika vitabu vya kiada, katika magazeti, ukutani, na siku hizi hata kiganjani mwake ndani ya simu. Tunamfundisha kuhakiki shairi na riwaya. Picha tunamwachia aitazame tu. Na katika picha zote, ile ya kuchekesha ndiyo inayopita kwa urahisi bila kuulizwa maswali, kwani mtu akicheka hujiona amekwisha kuelewa.

Mchoraji na gazeti lake

The Saturday Evening Post lilikuwa gazeti la kila juma, likichapishwa katika mji wa Philadelphia. Mhariri wake kuanzia mwaka 1899 hadi 1936 alikuwa George Horace Lorimer, aliyelikuza hata likaingia katika mamilioni ya nyumba. Kwa miaka mingi liliuzwa senti 5 tu za Kimarekani, bei ambayo fundi na mkulima waliimudu. Kabla ya Rockwell, bingwa wa majalada yake alikuwa J. C. Leyendecker, ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alimchora mtoto mchanga kuwa alama ya Mwaka Mpya, kila mwaka na vituko vyake. Basi mtoto alikuwa amekwisha kukalishwa mlangoni kabla Rockwell hajafika. Yeye alimkuta pale akampa ndugu, wazazi, mbwa na majirani.

Rockwell alizaliwa jijini New York tarehe 3 Februari 1894, akafariki dunia mwaka 1978 huko Stockbridge, katika jimbo la Massachusetts. Jalada lake la kwanza katika gazeti hilo lilitoka tarehe 20 Mei 1916, naye akiwa na umri wa miaka 22. Tangu hapo hadi mwaka 1963, muda wa miaka 47, alichora majalada zaidi ya 320. Tunapotaja hesabu hiyo si kwa kumsifia wingi, bali kwa kumkumbusha msomaji kwamba watoto wa mwaka 1916 waliocheka mbele ya jalada la kwanza walikuwa na wajukuu lilipotoka la mwisho. Vizazi vitatu vya taifa moja vilifundishwa na mkono mmoja namna ya kukiona kitu kiitwacho “nyumbani”.

Tulitazame hilo jalada la kwanza. Mvulana amevishwa suti na kofia ya heshima, anasukuma kigari cha mtoto mchanga. Katika mfuko wa kifuani, mahali ambapo muungwana angeweka leso, imechomoza chupa ya maziwa. Wavulana wenzake wawili, waliovaa mavazi ya mchezo wa besiboli, wanampita wakimcheka. Mmoja anajifanya kumwinulia kofia kana kwamba anamsalimu mheshimiwa. Mvulana wetu amekaza uso, hatazami kulia wala kushoto. Yasemekana mtoto mmoja ndiye aliyesimama mbele ya mchoraji kwa ajili ya nyuso zote tatu, ya mchekwa na za wachekaji. Hata kama mchoraji alifanya hivyo kwa kuokoa gharama tu, maana yake ni kubwa: leo unacheka, kesho utapewa wewe kigari usukume.

Kisa ndani ya picha tuli

Ugumu wa kazi hii ni kwamba jalada halina nafasi ya maneno. Msimulizi wa hadithi huanza na “hapo kale” akaenda hadi mwisho. Mchoraji wa jalada hupewa tukio moja tu, na katika hilo lazima tuone lililotangulia na litakalofuata. Rockwell alikuwa fundi wa kuchagua tukio hilo.

Mathalani, katika jalada la tarehe 4 Juni 1921, wavulana watatu na mbwa wao wanakimbia, nywele zimelowa, nguo nusu zimevaliwa nusu zimeshikwa mkononi. Nyuma yao kuna kibao kinachokataza watu kuogelea. Hatumwoni anayewafukuza wala maji waliyoogelea. Zaidi ya hayo, ukingo wa picha umewakata baadhi yao, kana kwamba mchoraji mwenyewe hakuwahi kuwakamata. Tukikumbuke kisu hicho cha ukingo, maana tutakikuta tena mahali pengine kikifanya kazi nzito zaidi.

Katika jalada la tarehe 30 Agosti 1947 alitumia picha mbili, moja juu ya nyingine. Juu, familia inakwenda mapumzikoni kwa motokaa: mashua imefungwa juu ya paa, watoto na mbwa wamechomoza vichwa madirishani, baba amekaa wima kwenye usukani. Chini, familia hiyo hiyo inarudi: watoto wamelegea, baba ameinama kwa uchovu. Bibi mzee peke yake, aliyeketi kiti cha nyuma, hakubadilika hata kidogo. Alivyokwenda ndivyo alivyorudi, uso ule ule, mkao ule ule. Kicheko chote kimo katika uso huo usiobadilika: mwenye miaka mingi amekwisha kujua kwamba safari ya furaha nayo ina marejeo.

Tena tarehe 15 Machi 1958 tunamwona mtoto kwa daktari. Amesimama juu ya kiti, suruali ameishusha kidogo kungojea sindano, na wakati daktari amempa mgongo akiitayarisha dawa, mtoto ameinama kuikagua shahada ya daktari iliyotundikwa ukutani. Anataka kuhakikisha kwamba mtu huyu kweli amesomea kazi yake! Kila aliyewahi kupigwa sindano huijua hofu ile, na kila mzazi huijua ile hila ya mtoto ya kutafuta sababu ya mwisho ya kujiokoa. Mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba, alitoka mtoto mtoro. Ameketi kwenye kigoda cha mkahawa, kifurushi chake na fimbo vimelala chini, na kando yake ameketi polisi mwenye mwili mkubwa, amemwinamia kwa upole kama mjomba. Sisi tuna methali kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Katika picha hii ulimwengu umemfunza mtoto kwa kumkalia karibu na kumsikiliza, bila kiboko.

Utani na dhihaka

Sasa tuulize: kicheko hiki ni cha aina gani? Lugha yetu ina hazina ya kutusaidia hapa, kwani hatuna neno moja tu la jambo hili. Tuna mzaha, tuna utani, tuna kejeli, tuna dhihaka. Na mwenye kuyachanganya ameyachanganya makusudi au hajalelewa nayo.

Dhihaka humtoa mtu nje. Humwonyesha kilema chake ili wengine wajione wazima. Utani humvuta mtu ndani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu”, akamlalamikia kwamba haleti matumizi nyumbani, na mtoto akicheka au akinuna amekwisha kuthibitishiwa kuwa ni wa nyumba ile. Mtani wa kabila hukutupia maneno ambayo mtu baki akiyasema mtapigana. Lakini utani una sharti zake. Kwanza, mwenye kutaniwa ana haki ya kujibu. Pili, na hili ndilo kubwa, mtani ana wajibu. Siku ya msiba, yule yule aliyekuwa akikucheka huja, akawachekesha waliao, na pia akashughulika na kazi za mazishi. Mtani asiyefika msibani si mtani, ni mfitini aliyejificha nyuma ya mzaha.

Kwa kipimo hiki, picha tulizozitaja ni za utani. Mchoraji yuko mahali pa babu. Anamcheka mtoto kwa sababu alikuwa mtoto, na mtoto anapewa heshima yake ndani ya kicheko. Mtoto wa sindano anahojiwa na hofu, lakini ndiye mwenye akili katika chumba kile. Na hakuna picha iliyolitimiza sharti la haki ya kujibu kuliko ile ya tarehe 23 Mei 1953. Msichana wa shule, nywele zimetimka, jicho moja limevilia damu kwa ngumi, ameketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kupitia mlangoni wakubwa wanaonekana wakilijadili kosa lake. Naye anatabasamu kwa furaha isiyofichika. Hatukuuona ugomvi, lakini tunajua nani alishinda. Katika miaka ambayo picha nyingi zilimtaka msichana awe safi na mtulivu, hapa amepewa ushindi wake na jicho lake jeusi.

Mwaka uliofuata, tarehe 6 Machi 1954, mchoraji alimketisha binti yule yule mbele ya kioo. Mwanasesere ametupwa kando. Kitana na rangi ya mdomo viko chini. Mapajani amefungua gazeti lenye picha ya mwigizaji wa sinema, Jane Russell. Hapa kicheko kimepungua hata kikawa pumzi tu. Mtoto anajitazama akijiuliza atakuwa nani. Baadaye Rockwell alikiri kwamba alikosea kuiweka ile picha ya mwigizaji, kwa kuwa binti hakuwa akijilinganisha na mtu bali akijipima mwenyewe. Twawaomba walimu waliangalie vizuri ungamo hili, kwa sababu linafundisha jambo ambalo washairi wetu chipukizi hulisahau: kitu kimoja kilichozidi huweza kuipunguza maana ya vyote vingine. Mchoraji alitaka kutusaidia kuelewa, akatuzuia kufikiri.

Na tarehe 25 Septemba mwaka huo huo wa 1954 lilitoka jalada ambalo mwanafunzi wetu wa bweni hatahitaji kufasiriwa. Baba na mwana wameketi kwenye kikanyagio cha gari kuukuu la shambani, wakingojea garimoshi. Kijana amevaa suti mpya na tai, anakwenda chuo kikuu. Macho yake yanatazama mbali, kule litokeako garimoshi. Baba amevaa nguo za kazi, ameinama, mikononi kashika kofia mbili, yake na ya mwanawe, kana kwamba akiishika ile ya mtoto hatakwenda. Mbwa ameweka kichwa juu ya goti la kijana. Baba na mwana hawatazamani. Mwenye kuondoka amekwisha kuondoka. Mwenye kubaki hana la kusema. Picha hii iliuzwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 15, lakini thamani yake kwetu imo katika kofia mbili ndani ya mkono mmoja.

Sukari nyingi mno

Wahakiki wengi wa Marekani hawakumpenda Rockwell wakati wa uhai wake. Walisema alikuwa mpambaji wa bidhaa wala si msanii. Kwamba ameyatia maisha sukari nyingi. Kwamba katika nyumba zake hakuna mlevi wala mgonjwa wala fukara. Shutuma hii ina ukweli, naye mwenyewe hakuikana. Alieleza kwamba aliuchora ulimwengu jinsi ambavyo angependa uwe. Huyu aliyetuonyesha vijiji vyenye vijito na mbwa alikuwa mtoto wa jiji kubwa. Alipata huzuni nzito moyoni, na huko Stockbridge, alikohamia mwaka 1953, alitibiwa na Erik Erikson, mtaalamu mashuhuri wa nafsi ambaye mwaka 1950 alikuwa ametoa kitabu kiitwacho Childhood and Society, kihusucho utoto na jamii. Mchoraji wa utoto wenye furaha alikuwa akimweleza huzuni yake mwanachuoni wa utoto. Hatuna haja ya kumcheka. Kutamani si kusema uongo. Bahari haikosi chumvi, na mvuvi huimba.

Lakini kutamani kuna swali lake: unamtamania nani? Hapa ndipo shutuma iliyo nzito zaidi inapoanza, nayo haihusu sukari.

Hebu tulitazame jalada la tarehe 7 Desemba 1946. Mvulana anasafiri peke yake kwa garimoshi. Ameketi mezani katika behewa la chakula, ameushika mkoba wake wa fedha, anajitahidi kuhesabu malipo na bakshishi. Aliyekuwa kielelezo cha mtoto huyu ni Peter, mwana mdogo wa Rockwell. Kando yake amesimama mhudumu, mtu mweusi, anatabasamu kwa upole akingojea hesabu imalizike. Ni picha nzuri. Uso wa mhudumu una utu, wala haukuchorwa kwa kejeli zilizokuwa zikitumiwa na wachoraji wengine wa nchi ile. Lakini tumwulize mhudumu yule: watoto wako wako wapi? Wao hawahesabu bakshishi? Hawaogopi sindano? Hawapigani shuleni wakatabasamu?

Hawakuwamo. Rockwell mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Lorimer alimwagiza asiwachore watu weusi ila katika hali ya utumishi. Mlango wa nyumba ulikuwa na sharti lililowekwa kwa utaratibu, si kwa bahati mbaya. Mwaka 1921 mtu mweusi hakuwekwa kijitoni. Mwaka 1953 hakuwekwa bendini wala ofisini kwa mwalimu mkuu. Na mwaka 1954, baina ya picha ya binti wa kioo ya mwezi Machi na ile ya kijana wa chuo ya mwezi Septemba, yaani tarehe 17 Mei, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao ni kinyume cha Katiba. Taifa zima lilikuwa likibishana ni mtoto gani aingie katika shule gani, na jalada lililokuwa mlango wa utoto wa taifa hilo lilimwonyesha kijana mweupe mmoja akingojea garimoshi.

Hapa sharti la pili la utani linatuhukumia jambo. Mchoraji huyu alikuwa mtani mwema wa watoto waliokuwa ndani. Lakini msiba ulipotokea nje ya mlango, alikuwa wapi?

Mtani alipofika msibani

Alichelewa, lakini alifika. Na haki yataka tuseme hivyo. Tarehe 1 Aprili 1961 alifaulu kuwakusanya katika jalada moja la gazeti lile lile watu wa mataifa, rangi na dini nyingi, wazee kwa watoto, chini ya ile kanuni ya kumtendea mwenzako kama upendavyo kutendewa. Mwaka 1963 aliliacha gazeti hilo, akahamia jingine liitwalo Look. Humo, tarehe 14 Januari 1964, akikaribia umri wa miaka 70, alitoa picha ambayo haikuwa jalada wala haikuwa ya kuchekesha.

Habari yake ni ya kweli. Tarehe 14 Novemba 1960, katika jiji la New Orleans, mtoto wa miaka sita aitwaye Ruby Bridges alipelekwa katika shule ya William Frantz, iliyokuwa ya watoto weupe peke yao. Ilibidi asindikizwe na maofisa wa usalama wa Serikali ya Shirikisho, maana watu wazima walijipanga barabarani kumzomea. Wazazi weupe waliwaondoa watoto wao, na mwaka ule Ruby alisoma peke yake darasani na mwalimu mmoja, Barbara Henry.

Rockwell amemchora mtoto katika gauni jeupe, mkononi ana daftari na rula, anatembea wima. Mbele yake maofisa wawili, nyuma yake wawili. Ukutani limeandikwa tusi la ubaguzi, na nyanya iliyorushwa imepasuka ikatiririka kama damu. Wenye kuzomea hatuwaoni. Tumesimama pale walipo wao. Na maofisa hawana vichwa. Ukingo wa picha umewakata mabegani.

Je, msomaji anaukumbuka ukingo wa mwaka 1921, uliowakata wavulana watoro kwa kutuchekesha? Ni kisu kile kile. Mkono uliojifunza, kwa miaka 40 ya mizaha, kuutazama ulimwengu kwa kimo cha mtoto, ndio uliojua kwamba wakubwa wanne wakikatwa vichwa, uso utakaobaki katika picha ni mmoja tu. Hata uso wa yule mvulana wa kigari cha mwaka 1916, aliyekazia macho njia yake huku akichekwa, umerudi hapa. Lakini kule aibu ilikuwa ya jioni moja, na wachekaji walikuwa wenzake. Hapa wazomeaji ni wakubwa, na dhihaka yao imepitiliza maneno ikawa nyanya. Wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tarehe 16 Mei 1967, katika gazeti hilo hilo, alichora jambo dogo zaidi. Familia ya watu weusi imehamia mtaa wa weupe. Kando ya gari la mizigo wamesimama watoto wawili wageni. Mbele yao watoto watatu wenyeji. Wote wananyamaza na kutazamana. Mtoto mweusi kampakata paka mweupe. Mbwa wa watoto weupe ni mweusi. Pande zote mbili zina glavu ya besiboli. Kwa mbali, dirishani, kuna uso wa mtu mzima anayechungulia. Hapa utani umerudi, safari hii ukiwa umelipa deni lake. Tunatabasamu kwa ajili ya paka na mbwa, tunatumaini kwa ajili ya glavu, tunaogopa kwa ajili ya dirisha. Kwa maoni yetu hii ndiyo kazi kamili kuliko zote za mchoraji huyu, kwa kuwa humo kicheko na wajibu vimeketi pamoja.

Maswali ya darasani

Mwalimu atakayependa kuitumia mifano hii hana haja ya vifaa vingi. Picha yoyote ya kuchekesha ya gazetini yatosha, na maswali matatu. La kwanza: nani anachekwa, na amepewa nafasi ya kujibu? La pili: mchekaji amesimama wapi, ndani ya nyumba pamoja na mchekwa au nje dirishani? La tatu, ambalo wanafunzi hulichelewa kwa kuwa jibu lake haliko kwenye karatasi: nani hayumo?

Kisha awaagize wachore jalada la utoto wa kwao. Hawatakosa habari. Yuko mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari. Yuko aliyejificha chini ya kitanda kuikwepa sindano. Yuko bibi anayemdai mumewe mdogo mahari. Watacheka, na wacheke. Lakini picha zikishabandikwa ukutani, mwalimu arudi katika swali la tatu. Katika nyumba ngapi za picha zile kuna msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi, umri wake sawa na wa watoto wanaocheka mezani, naye amesimama kando na sinia? Au hakuchorwa kabisa? Tumemlaumu Lorimer wa Philadelphia kwa sharti lake, na alistahili lawama. Sharti la namna hiyo huweza kuwekwa nyumbani mwetu pia bila mhariri yeyote kuliandika.

Mwezi wa Julai mwaka 2011, picha ya mwaka 1964 ikiwa imetundikwa katika Ikulu ya Marekani, Ruby Bridges, sasa mtu mzima, alisimama kuitazama pamoja na Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Mtoto aliyeachwa nje ya jalada kwa miaka yote ile alikuwa ameingia kwa mlango mkubwa. Ilichukua zaidi ya nusu karne. Sisi tusingoje muda kama huo kumwambia yule msichana wa sinia aketi, aeleze naye kisa kimoja cha kuchekesha cha utoto wake, tukisikilize hadi mwisho.